Kila Mwaka Walimuuliza Kama Amepona

Mtu anawezaje kuwaonyesha watu kwamba hajiwezi, bila kujivunjia heshima? Nyapara aliniuliza swali hilo nikiwa nyumbani Mpanda likizo ya mwaka wa pili wa chuo kikuu. Mimi niliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, kuanzia bei ya tumbaku mpaka uwepo wa Mungu, nilimwambia nitafikiri. Akasema, "Fikiri basi. Treni inaondoka Jumanne."

Mtaa mzima ulimwita Nyapara, ingawa gengi lake la reli lilikuwa limeshapewa mtu mwingine. Hilo gengi ni wale watu waliokuwa wakipita juu ya reli na nyundo na mitaimbo, wakigeuza mataruma yaliyooza, wakishindilia kokoto, wakinyoosha palipopinda, ili treni ya kutoka Kaliua ifike kwetu bila kuanguka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Masika moja, upande wa Katumba, maji yalikula udongo chini ya reli. Kiberenge walichopanda kikaacha njia, na kipande cha reli walichokuwa wamekipakia kikamtandika kiunoni. Wenzake waliruka. Yeye alikuwa bado anawapigia kelele waruke.

Alilala hospitali muda mrefu, akaamka na gongo la kutembelea. Wakamstaafisha kwa ulemavu, wakampa pensheni ya kila mwezi, na hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo mpaka leo nikiifikiria napandwa na hasira. Kila mwaka aliitwa Tabora, mbele ya jopo la madaktari, aangaliwe kama ulemavu bado upo. Kama vile uti wa mgongo ni mche wa mahindi, ukipata mvua nzuri utachipua.

Sitaki kuwadanganya kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mtu mgumu kukaa naye. Hakuvumilia kitu chochote kilichopinda. Akija kwetu alikuwa akiegemea gongo lake uani, anafumba jicho moja, anatazama meza ambayo mama yangu alianikia dagaa wake wa Ikola, kisha anasema, "Mama, mguu wa kushoto umezama." Mama anaweka kigae chini ya mguu. Anafumba jicho tena. "Sasa umezidi." Mama yangu, ambaye hakumwogopa hata bwana afya wa sokoni, alikitoa kile kigae na kutafuta chembamba zaidi. Ukuta wa jirani yetu mmoja ulibomolewa mara mbili kabla haujafika kwenye dirisha kwa sababu Nyapara alipita na kutikisa kichwa.

Alikuwa na sauti. Wanaume wa gengi hunyanyua reli kwa kuitikia, mmoja anaita, wengine wanajibu, na wote wanainuka pamoja. Asiyejibu ndiye anayewaumiza wenzake. Sauti hiyo haikustaafishwa. Aliitumia kuamsha mtaa, kufukuza mbuzi, na kumwita mkewe kutoka kisimani, ambako kila mtu aligeuka isipokuwa mkewe, aliyemaliza kwanza kuteka maji yake. Nilipokuwa mdogo nilidhani mtu mwenye sauti kama ile hawezi kuwa mgonjwa. Baadaye nilikuja kuona kwamba hata watu wazima walidhani hivyo, wakiwamo wenye mihuri.

Aliwachukia wavivu. Alikuwa akisema, "Mzigo ni wa wote, kiuno ni cha kwako," maana yake usimwachie mwenzio anyanyue peke yake eti kwa sababu chako kinauma. Ombaomba akipita alimtukana kwanza, ndipo akamwambia mkewe ampe ugali, na mara nyingi ulikuwa ule wake. Nikimuuliza mbona anamtukana mtu anayemlisha, alisema kumtukana ni kumheshimu. Anayekuhurumia moja kwa moja amekwisha kukuzika. Nilibishana naye sana juu ya hilo. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kunifurahia nikimbishia. Alisema angekuwa na mtu mmoja kama mimi kwenye gengi, angemfukuza siku ya kwanza na kumkumbuka maisha yake yote.

Kitu ambacho majirani wengi hawakukijua, kwa sababu alihakikisha hawakijui, ni kwamba alikuwa na saa zake. Asubuhi alikuwa mtu. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto mlango ukiwa umefungwa, akamvalisha, na alipotoka nje ndevu zilikuwa zimenyolewa na shati limepigwa pasi. Alizunguka mtaani akisahihisha kuta za watu. Jua likisogea, miguu ilianza kufa ganzi, naye aliaga kwamba ana shughuli ndani. Shughuli yenyewe ilikuwa kulala chali kwenye mkeka na kuuma kitambaa. Niliijua kwa sababu nyumba zetu zilipakana ukuta, na kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia.

Shamba lake lilikuwa nje kidogo ya mji. Lililimwa na mkewe na vibarua wawili. Yeye alibebwa kwenye baiskeli mpaka kichwani mwa shamba, akasimama pale na gongo, akasimamia matuta yawe yamenyooka. Matuta yale yalikuwa mazuri kiasi kwamba watu walisimama barabarani kuyatazama. Ukiyasifu alipokea sifa bila kueleza nani aliyeshika jembe. Nyapara hashiki jembe. Kazi ya nyapara ni kusema, na aliyesema ndiye aliyelima. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote.

Sasa nifike kwa yule afisa. Alishuka na treni wakati wa kiangazi mimi nikiwa chuoni, amevaa suti ya kaunda, ana begi la ngozi. Ofisi ya mafao ilikuwa imeamua kwamba daktari peke yake hatoshi. Wastaafu wa ulemavu waulizwe habari zao huko wanakoishi, kwa majirani. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Aliyelibuni hakuwa amewahi kuishi mtaani kwetu.

Habari nilizipata kutoka kwa Balozi wetu wa nyumba kumi, na alinisimulia kwa fahari. Afisa alikuwa amemkuta barazani, akapewa maji ya kunywa, akauliza habari za mzee wa reli. Anajishughulisha? Anaonekana akitembea? Anafanya kazi yoyote?

"Nikamsafisha," Balozi aliniambia.

"Ulimsafisha na nini, mzee?"

"Na uzururaji. Nilimwambia huyo bwana, mtaa huu hauna mchapakazi kama Nyapara. Asubuhi yuko barabarani kabla ya jogoo. Shamba lake kalione mwenyewe. Halali mchana."

Nikamwambia kwamba mchana ndio hasa anaolala. Balozi akanitazama kama mtu aliyemfundisha mtoto kula na sasa mtoto anamwambia kijiko kimeshikwa vibaya. "Nyie mnaosoma," akasema, "hamkuwepo, au mlikuwa wadogo."

Na ilikuwa kweli kwamba nilikuwa mdogo. Ilikuwa imepita miaka ambayo mtu akionekana hana kazi alikamatwa kama mzururaji, akapandishwa lori na kupelekwa kulima asikokujua. Miaka hiyo watu wenye mabegi walikuwa wakipita na kuuliza swali lilelile: huyu anafanya kazi gani? Balozi alikuwa amewaokoa watu kadhaa kwa jibu moja tu, kwamba huyu ni mchapakazi, shamba lake lile pale. Jibu hilo lilikuwa limekaa mdomoni mwake likisubiri. Begi lilipofunguliwa, likatoka.

Na hata bila hofu hiyo, nani angesema vingine? Kwetu mgeni wa serikali akikuuliza habari za jirani yako, unamsifu. Kumwambia mtu usiyemjua kwamba fulani hajiwezi, kiuno kimekufa, anavalishwa na mkewe, ni kusengenya, na siku fulani akizidiwa watu watakumbuka ni nani aliyemtamkia. Afisa alizunguka nyumba nne au tano. Kila alikofika alikuta sifa. Mama yangu mwenyewe, aliyekuwa akimpelekea supu ya dagaa siku mbaya, alisema, "Anajitahidi sana, tunamshukuru Mungu." Afisa aliandika yote. Sidhani hata kama alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeandika anachoambiwa na asiyejiuliza kwa nini anaambiwa, na mimi nimewaogopa watu wa namna hiyo tangu wakati ule kuliko ninavyowaogopa wabaya.

Barua ya kuitwa Tabora ilikuja mapema kuliko miaka mingine. Mkewe alinifuata nyumbani. Pensheni ile ndiyo iliyolipa pango la vyumba vyao viwili, vibarua, na sindano za maumivu. Ikikatwa, itabidi wahamie kwa mtoto wao Kibaoni, kwenye mpunga, mbali na hospitali na mbali na kila mtu anayemwita Nyapara. "Mwambie wewe," alisema. "Labda atakusikia. Mimi amenizoea."

Nilimwambia kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kujenga hoja. Aende na gongo na aingie nalo ndani. Asinyoe. Aende na mkewe, na mkewe ndiye aeleze habari za mchana. Wakimuuliza hali, asiseme nzuri. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Yaani niigize," akasema.

"Si kuigiza, mzee. Ni ukweli."

"Ukweli wa nyumbani ni wa nyumbani." Kuhusu gongo, alisema kwamba ukiingia nalo kwa mkubwa, ama umekuja kumpiga ama umekuja kumwomba, na yeye hakuwa na haja ya moja wala la pili, alikuwa anakwenda kuonyesha kiuno ambacho kazi yao ndiyo ilikivunja. Kisha ndipo akaniuliza lile swali nililoanza nalo.

Tulisafiri pamoja, kwa kuwa nami nilikuwa narudi chuoni na lazima nibadilishe treni Tabora. Mkewe alibaki, nauli ya pili haikuwepo. Njiani alisimama karibu muda wote, ameshika bomba la dirishani, maana kukaa kulimuumiza zaidi. Tulipopita mahali kiberenge kilipoacha njia, alisikiliza magurudumu na kusema kokoto hazijashindiliwa.

Asubuhi alinyoa kwa maji ya bomba la stesheni. Jopo lilikuwa limekaa chumba cha mwisho kwenye korido ya hospitali. Aliliegemeza gongo lake ukutani, akavuta shati, akaingia. Kwa sababu ya joto mlango uliachwa wazi, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi mkabala nao.

Nilisubiri ukatili. Ningejua la kufanya na ukatili. Lakini daktari alikuwa kijana mpole, akamwamkia shikamoo. Akamuuliza habari za Mpanda, zikawa nzuri. Za mvua, nzuri. Za afya, anamshukuru Mungu. Mgongo? Unaendelea. Daktari akasoma kwamba majirani wanasema ana shamba kubwa. Nyapara akasema shamba lipo, na daktari akipata nafasi aje ayaone matuta. Wakacheka wote mle ndani. Kisha daktari akaweka karatasi sakafuni, akamwomba, kama ataweza, aiokote.

Niliona mgongo wake tu. Niliuona ukishuka polepole, umenyooka kama anavyoshuka mtu wa gengi anayekwenda kushika reli. Mkono ukafika chini. Nikamsikia akiita kwa pumzi, ule mwito wa wanaume wanaoinuka pamoja, ila hakukuwa na wa kumwitikia. Akainuka na karatasi, akaiweka mezani, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza.

"Safi sana, mzee," daktari akasema, na kalamu zikaanza kuandika.

Alitoka kwa miguu yake. Alipopita kizingiti alishika ukuta, akalipapasa gongo, akalikosa, na akaanza kuteremka taratibu mpaka nikamdaka kwapani. Jasho lilikuwa limelowesha shati lote. Mhudumu wa wodini alileta kitanda cha magurudumu bila kuulizwa. Nilimwacha naye nikaingia ndani.

Daktari na wenzake walikuwa wameshatoka kwa mlango wa pili kwenda wodini. Mle chumbani alikuwa amebaki karani wa jopo, mtu mzima mwenye miwani. Nilimwambia aje atazame koridoni sasa hivi. Nilimwambia yule mzee hawezi kuvaa soksi zake mwenyewe, kwamba shamba halilimi yeye, kwamba majirani walisema vile kwa heshima na kwa woga.

"Wewe ni nani yake?"

"Jirani yake."

"Basi huwezi kumsemea. Jirani si ndugu wala si daktari."

"Lakini majirani ndio mliowafuata mpaka Mpanda kuwauliza. Maneno yao hayo hapo mezani."

Akavua miwani. Nakumbuka hakukasirika. "Wale waliulizwa," akasema. "Wewe umejituma mwenyewe."

Nimesoma mantiki baadaye, pamoja na sheria, na sijawahi kukutana na ukuta ulionyooka kama ule. Nyapara mwenyewe asingepata pa kutikisa kichwa. Shahidi anayefaa ni yule asiyejua anachoshuhudia. Akishajua, ana upande. Nilirudi kwenye benchi. Nyapara alikuwa amelazwa, macho juu, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama nimewatukana. Nilisema hapana. Akasema nimefanya vizuri. Wale ni watu wenye adabu.

Jioni nilimpandisha treni ya kurudi, nikawaomba wafanyabiashara wawili wa mchele wamwangalie, nami nikasubiri ya Dar es Salaam. Miezi michache baadaye mama aliniandikia kwamba pensheni imekatwa. Barua ilisema hali yake imeimarika kiasi cha kumudu kazi nyepesi. Haikusema kazi hiyo iko wapi. Miaka hiyohiyo mashirika yalikuwa yakipunguza watu kila mahali. Wanaume wenye viuno vizima walikuwa wakirudi kwetu na masanduku yao, wakikaa vibarazani bila la kufanya. Na yeye aliambiwa ajiunge na foleni hiyo, nyuma yao.

Balozi alilia, mama aliandika. Aliapa kwamba akimwona tena mtu mwenye begi hatafungua mdomo. Sikumlaumu, na bado simlaumu. Ninaowalaumu ni waliopanga ukaguzi ambao mtu mwenye haya lazima aushindwe, na mtu asiye na haya lazima aushinde. Tulikuwa naye mtaani mstaafu mwingine, wa idara nyingine, kidole chake kimoja kilichokatika ndicho kilichomstaafisha, na kila mwaka alikwenda kupimwa amejifunga bandeji mpaka begani na kurudi akipiga mluzi. Yake haikukatwa.

Nilimwona Nyapara mara ya mwisho Kibaoni. Nilikuwa nimemaliza chuo. Nilipanda lori la mahindi kupita mbugani, mbung'o wakatula njia nzima, nikafika wakati mpunga umeanza kukomaa na kila familia iko shambani kuamia ndege. Nilimsikia kabla sijamwona. Watu wengine walipiga madebe. Yeye alitumia sauti, na ndege waliinuka kwa pamoja kama gengi.

Alikuwa kwenye kiti cha kamba chini ya dungu, lile jukwaa la kulindia mpunga, maana kupanda juu yake hakuweza. Kanzu yake ilikuwa imefifia lakini imepigwa pasi. Nilimwamkia, akaniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema alijua. Mkewe alileta maji na viazi. Wakati wa kula niliona kwamba hainami kufikia sinia. Chakula kilisogezwa kwake. Nikampa nilichokuwa nimekuja nacho: kwamba upo muda wa kukata rufaa, kwamba mimi mwenyewe nitaiandika, na safari hii yupo mwanasheria wa kuingia naye ndani.

"Nikate rufaa niseme nini?" akasema. "Kwamba sikuiokota karatasi yao? Niliiokota."

"Utasema ilikugharimu nini."

"Huyo atakayeniuliza ilinigharimu nini, mbona hakuwepo siku ile?"

Mkewe alikuwa anamenya kiazi. Alisema bila kututazama, "Aliiokota. Na mimi nilimgeuza kitandani kama mtoto mpaka mvua zilipokatika." Nyapara hakumkatiza. Ilikuwa mara ya kwanza kuona ukweli wa nyumbani ukisemwa mbele yake naye akakaa nao. Kisha ndege wakatua upande wa pili wa shamba, akajiinua kidogo kwenye mikono ya kiti na kuita, na mjukuu wake wa kike juu ya dungu akaitikia.

Rufaa niliiandika hata hivyo, bila sahihi yake, na ikarudishwa kwa kukosa sahihi yake. Alizikwa hukohuko Kibaoni, masika yaliyofuata.

Ilipita miaka mingi. Nilikuwa nafanya kazi ya uwakili, na siku moja mchana nilikuwa nakula na mwenzangu aliyewahi kuwa mwanasheria wa mafao, tukizungumza habari nyingine kabisa, aliposema, kama jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba mstaafu wa ulemavu akishafikisha umri wa kawaida wa kustaafu hapimwi tena. Pensheni yake inageuka kuwa ya uzee, na hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kama amepona. Nilimuuliza kama kanuni hiyo ni mpya. Akasema ilikuwepo tangu mwanzo. Kwa tarehe ya kuzaliwa waliyomwandikia reli wenyewe, Nyapara alikuwa ameufikia umri huo mwaka mmoja kabla yule afisa hajashuka na begi lake kwenye stesheni ya Mpanda.